Jina na Nasaba: Ushahidi wa Majina katika Historia ya Ndege wa Kufugwa

Mwanafunzi wa historia ya Afrika ya Mashariki akosapo maandishi, hukimbilia maneno. Aonapo neno la kigeni katika lugha, husema kwamba kitu chenyewe kililetwa na wenye neno hilo. Na jina la nchi likiambatana na jina la mnyama, husema kwamba mnyama huyo chimbuko lake ni nchi hiyo. Njia hii ina faida kubwa, wala sikusudii kuitupa. Lakini ina mipaka, na ndege wa kufugwa, yaani kuku, bata na jamaa zao, hutuonyesha mipaka hiyo vizuri kuliko vyombo na nguo. Kwa sababu ndege wana shahidi wa pili ambaye vyombo na nguo havina, naye ni uzazi wao.

I. Ushahidi wa majina

Tuanze na bata bukini. Bukini, au Buki, ni jina la kale la Waswahili kwa kisiwa cha Madagaska, na wenyeji wake waliitwa Wabuki. Kwa maana ya maneno, basi, huyu ni bata wa Madagaska. Je, huko ndiko asili yake? Hasha. Bata bukini wote wa kufugwa duniani wametokana na jamii mbili za mwituni: moja ni ya Ulaya na Asia ya Magharibi, ambayo wataalamu huiita Anser anser; ya pili ni ya Asia ya Mashariki, iitwayo Anser cygnoides. Madagaska haimo. Jina hili latukumbusha safari na biashara baina ya pwani yetu na kisiwa kile. Juu ya chimbuko la ndege halisemi neno.

Wala tusidhani kwamba kosa la namna hii ni letu peke yetu. Waingereza wana bata bukini mkubwa mwenye nundu juu ya mdomo, nao humwita "wa Afrika", ilhali ukoo wake ni ule wa Asia ya Mashariki. Ajabu zaidi ni habari za yule bata mzito mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye hapigi kelele kama wenziwe bali hutoa sauti kama ya pumzi. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na wenyeji wa huko walimfuga kabla ya kuja kwa Wazungu. Lakini Waingereza humwita kwa jina la Muscovy, ambalo ni jina la kale la nchi ya Moscow. Wafaransa humwita bata wa Barbarie, yaani wa Afrika ya Kaskazini. Na jina lake la kisayansi, Cairina moschata, limebeba mji wa Cairo ndani yake. Mtu akiyafuata majina haya matatu atafika Urusi, Maghrebu na Misri, na bata hatamwona asili yake po pote.

Bata mzinga naye alifugwa kwanza Meksiko, kisha Wahispania wakamchukua Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Waingereza walimpa jina la Uturuki. Waturuki wakamwita hindi. Wafaransa wakamwita dinde, yaani "wa India". Wamisri wakamwita jogoo wa Rumi. Wareno wakamwita peru. Kila taifa lilimpeleka kwa wengine. Waswahili hawakutaja nchi, ila walimtia katika jamii ya bata, hali kwa nasaba yeye ni jamaa wa kuku na kwale.

II. Ushahidi wa uzazi

Sasa tumsikilize shahidi wa pili. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe, alitaja mahuluti waliozaliwa na bata bukini wa Ulaya na wa China. Mahuluti wawili walipopandishwa wao kwa wao, walipatikana wajukuu wanane katika kiota kimoja. Mwaka 1880 aliandika tena, katika gazeti la Nature, kwamba alilijaribu jambo hilo mwenyewe na vifaranga walipatikana. Ndege hawa, ambao makabila yao ya mwituni yameachana kwa upana wa bara zima, bado ni wa karibu kiasi cha kuzaliana kizazi hata kizazi.

Lakini yule bata wa Amerika akipandana na bata wa kawaida, mambo huwa mengine. Mayai ya bata wa kawaida huatamiwa siku 28, ya huyu wa Amerika siku 35. Na watoto wa wawili hawa, ingawa hukua upesi na kuwa na nyama nyingi, ni tasa. Ufaransa na Taiwan hufugwa kwa wingi sana, lakini kila kizazi hapana budi kianzishwe upya kwa wazazi wa jamii zote mbili. Kwa macho ya mtu wa kawaida, bata na bata hawa wanafanana kuliko bata bukini wa Ulaya na wa China. Na lugha yetu yawaita wote bata. Uzazi wawatenga.

III. Kuku wa ajabu

Katika vijiji vya Tanzania ziko namna za kuku ambazo mgeni huzistaajabia na mwenyeji huzipita bila ya kugeuka. Kuna kishingo, asiye na manyoya shingoni. Kidimu, mwenye manyoya yaliyojipinda nyuma kana kwamba amepitiwa na upepo wa kisulisuli. Na bukini, asiye na mkia. Hapa jina la Madagaska latokea mara ya pili, tena kwa ndege mwingine kabisa. Mwanahistoria aliyetaka kujenga hoja juu ya neno bukini peke yake sharti kwanza aulize: ni bukini yupi?

Kishingo ametungiwa hekaya nje ya Afrika. Marekani alipewa jina lililoungwa kwa jina la bata mzinga na la kuku, kwa kuwa watu waliona shingo tupu wakadhani amezaliwa na hao wawili. Siyo. Kuku na bata mzinga hawazaliani ila kwa shida kubwa mno, na mahuluti wao ni dhaifu. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba shingo tupu yatokana na badiliko moja katika chembe za urithi za kuku mwenyewe. Kuku aliyelirithi kwa mzazi mmoja hubakiwa na kishungi cha manyoya mbele ya shingo. Aliyelirithi kwa wote wawili hana kitu. Na kwa kuwa manyoya yake ni machache, joto la mwili humtoka upesi, jambo ambalo katika nchi za joto ni faida, si kilema.

Kinyume chake, mahuluti wa kweli hatumtambui, maana tumemzoea. Darwin alishikilia kwamba kuku wote wametokana na kuku-mwitu mwekundu wa Asia peke yake. Mwaka 2008 uchunguzi wa urithi ulionyesha kwamba ngozi ya manjano ya kuku wa kufugwa haikutoka kwake, bali kwa kuku-mwitu wa kijivu wa India. Basi kuku wa miguu ya manjano apitaye uani kila siku ndiye mwenye damu ya jamii mbili, na kishingo tuliyemdhania mseto ni kuku mtupu. Tena mwaka 2011 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba kuku waliingia Afrika ya Mashariki zaidi ya mara moja. Lakini neno letu kuku ni moja, wala halionyeshi alama ya mafiko hayo mengi.

IV. Juu ya istilahi

Siku hizi wauzaji huita "chotara" kila kuku aliyechanganywa wa kienyeji na wa kigeni. Neno ni zuri, lakini likitumiwa pia kwa ndege tasa litampoteza mfugaji: atanunua akitumaini kizazi, asikipate. Wafaransa humwita bata yule tasa mulard, kwa mfano wa nyumbu. Wachina wa Taiwan humwita luoya, yaani bata-nyumbu. Lugha mbili zisizo na udugu zimefikia mfano mmoja, na Kiswahili kina neno nyumbu tayari. Napendekeza basi chotara libaki kwa wazaao, na bata-nyumbu liwe kwa huyo asiyezaa.

Mwisho, nawaomba wasomaji walioko vijijini wayaandike majina ya kuku na bata wa kwao kabla hayajapotea mbele ya kuku wa kisasa. Lakini jina lisiandikwe peke yake. Pamoja nalo pawe na umbo la ndege, rangi ya miguu yake, na jinsi azaavyo; kwani pasipo hayo, atakayekuja baadaye atasoma bukini, asijue kama aliyetajwa ni bata au ni kuku asiye na mkia.