Nani Aliyewageuza Kitandani?

Ugonjwa wa ALS, unaoua neva ziendeshazo misuli, una baba yake vitabuni: Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris. Mwaka 1869 yeye na mwenzake Joffroy waliwapasua waliokufa nao na kuonyesha uti wa mgongo ulivyoharibika. Sawa. Mimi ni nesi wa zamu ya usiku hapa London, na swali langu ni jingine: wagonjwa wale walipokuwa hai, nani aliyewageuza kitandani?

Ni watumishi wa kike, wengi wao hawajui kusoma. Mwanafunzi wa Charcot, Bourneville, aliwafungulia shule ya uuguzi humohumo Salpêtrière mwaka 1878, na wengine ilibidi waanze na a, e, i, o, u. Chuoni sikuwahi kulisikia jina la Bourneville.

Dawa ilichelewa mno. Majaribio ya riluzole, yaliyoongozwa na madaktari wa Salpêtrière ileile, yalichapishwa 1994, na mwaka uliofuata Marekani ikaiidhinisha. Miligramu 50 asubuhi, 50 jioni, damu ikipimwa kuangalia ini. Faida yake ni miezi miwili mitatu hivi ya uhai. Siidharau, mwenye binti anayeolewa Desemba haidharau kabisa.

Lakini kabla ya kidonge hicho, Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi kisha akasomea udaktari, alikwishafungua St Christopher's kusini mwa London, 1967. Aliwapokea wagonjwa hawa pamoja na wa saratani. Madaktari wengi waliogopa kwamba mofini ingewakata pumzi. Kwake ilitolewa kidogokidogo, kwa saa maalumu, kutuliza ule mhemo unaomtia mtu kiwewe.

Halafu ikaja mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa. Utafiti wa Newcastle wa 2006 ulionyesha kwamba kwa wale ambao koo halijalegea sana, iliongeza takriban miezi saba. Imekishinda kidonge! Ila barakoa haijivalishi. Ukikaza mikanda, ngozi ya pua inachubuka; ukilegeza, hewa inavuja na kukausha macho. Mate yakijaa, tunabandika kiraka cha hyoscine nyuma ya sikio, na kichwa lazima kiinuliwe.

Kuiweka barakoa sawasawa nilifundishwa na nesi mmoja Mfilipino, huku mgonjwa mwenyewe akitusahihisha kwa macho kwenye ubao wa herufi: juu kidogo, hapana, kushoto, mmezidisha.