Bafu Limegoma Kumeza Maji? Lizibue Hivi Kabla Hujamwaga Kemikali

Umeoga dakika tano tu, ukicheki chini miguu iko ndani ya dimbwi la povu. Noma, hasa kama mnatumia bafu moja na majirani wa ploti. Lakini wasee wa Manyatta, kuanzia Kirimari mjini Embu hadi kule juu kwa majani chai, tulieni. Mara nyingi kazi hii unaimaliza mwenyewe.

Nini huziba?

Kwanza ni nywele, na zile za braids ndizo sugu. Sabuni na mafuta ya kujipaka hugandia hapo, zaidi kwenye baridi ya Juni hadi Agosti. Halafu kuna udongo wetu mwekundu. Ukitoka shamba na uoshe gambuti bafuni, matope hutulia kwenye ile kona ya bomba inayoshika maji ili harufu isipande.

Fuata hatua hizi

1. Mwaga maji kwa sinki na choo pia. Vyote vikikawia, shida iko nje: bomba kubwa limeziba au shimo limejaa. Hiyo ni ya keateka na landilodi.

2. Kama ni bafu pekee, vaa glavu, toa kile kifuniko chenye matundu, kisha ingiza waya wa hanga uliokunjwa ncha kama ndoano. Zungusha, vuta polepole. Usisukume, utapeleka uchafu mbali zaidi. Ukishatoa, tupa kwa pipa, si chooni.

3. Bado? Chukua plunja. Acha maji yafunike mpira, kisha pampu kama mara 15 bila kuuinua. Kwa wenye hodhi ya kuogea, ziba lile tundu la juu kwa kitambaa kibichi, la sivyo nguvu yote itatorokea huko.

4. Malizia na maji ya moto, lakini yasiwe yanatokota. Yanayotokota hulegeza mabomba ya PVC.

Na ile mambo ya magadi na siki? Povu ni tamu kwa macho, lakini haliyeyushi nywele.

Hapa usicheze

Usiwahi changanya Jik na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na bafu la ploti huwa na kadirisha kadogo tu.

Kostiki soda nayo huchoma ngozi na inaweza kukupofusha. Ukiamua kuitumia, vaa glavu na miwani, na tia kostiki kwenye maji baridi, kamwe si maji juu ya kostiki. Tumia ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini. Ukishaimwaga, weka plunja kando, maana itakurushia usoni. Ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka angalau dakika 20, kisha kimbia hospitali.

Isirudi tena

Weka kichujio juu ya tundu, toa nywele kila wiki, na msimu wa mvua osha matope nje kwa karai. Na kama ni keja ya kupanga, usikate bomba bila kuongea na landilodi. Deposit yako inaweza kwenda na hayo maji.