Baiskeli za mpakani na historia fupi ya JavaScript kwenye seva

Leo tuongee historia kidogo. Sisi wa Chakol tunajua neno bodaboda lilizaliwa huku kwetu mpakani, kwa watu wa baiskeli waliovusha abiria kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Safari ni fupi, nani akodi lori? JavaScript nayo imefika hapo, ila imechukua miaka.

Brendan Eich aliiandika mwaka 1995 pale Netscape, kwa siku kama 10 tu, ikae ndani ya kivinjari. Mwaka 2008 Google wakatoa Chrome yenye injini ya V8, ambayo huangalia programu ikiendelea kisha hugeuza sehemu zinazorudiwarudiwa kuwa lugha ya mashine. Mwaka 2009 Ryan Dahl akaijengea Node.js juu yake, JavaScript ikahamia kwenye seva. Seva zile zilikesha zikiwaka, kwa hiyo muda wa kuanza haukumsumbua mtu.

Mambo yakabadilika Novemba 2014, Amazon walipotangaza Lambda, wakianza na Node.js. Hukodi seva tena. Unapeleka funksheni yako, inaamshwa ombi likija, unalipia muda iliofanya kazi. Tatizo ni kwamba ikiwa imelala, ombi la kwanza lazima lingoje Node nzima iamke.

Hilo linatuhusu vipi? Chukua huduma ya USSD ya kumpa mama muuza mahindi wa Malaba bei za sokoni. Asubuhi wanapiga wengi, mchana kimya. Seva ya kukesha utailipia hata saa za kimya. Funksheni ni nafuu, lakini kila mama akibonyeza namba ombi jipya linatumwa, na mtandao wa simu haungoji sana. Jibu likichelewa, kikao kinakatika.

Mwaka 2017 Cloudflare walileta Workers: V8 ile ile, ila misimbo ya wateja wengi inakaa ndani ya mchakato mmoja, kila mmoja chumba chake, ikianza kwa milisekunde chache. Mwaka 2019 Fabrice Bellard na Charlie Gordon wakatoa QuickJS, injini ndogo kabisa isiyotengeneza lugha ya mashine. Februari 2024 Amazon wakaitumia kuunda LLRT, rantaimu ya majaribio, wakisema inaanza hadi mara 10 haraka zaidi.

Siri ni nini? Funksheni ya milisekunde chache humaliza kazi kabla ujanja wa V8 haujazaa matunda, kwa hiyo uzito wote ule ni bure. Lakini hesabu nzito zitakwenda polepole kwenye LLRT, na maktaba nyingi za Node hazitakubali. Mzigo wa lori bado unataka lori.

Tangu Agosti 2025 Lambda inatoza hata muda wa kuanza. Je, wewe umeshapima funksheni zako zinachukua muda gani kuamka?