Kodi Inayomfuata Mnunuzi Nyumbani

Uchumi wa Marekani uliporomoka kuanzia mwaka 1929, na wenye mashamba na nyumba wengi wakashindwa kulipa kodi ya ardhi na majengo iliyokuwa tegemeo la majimbo na serikali za mitaa. Hazina zilikauka wakati wasio na kazi wakizidi kuongezeka. Mississippi ilianzisha kodi ya mauzo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kabla ya muongo huo kwisha majimbo zaidi ya 20 yalikuwa nayo.

Kodi hiyo ilikuwa na mwanya. Aliyeishi karibu na jimbo lisiloitoza aliweza kuvuka, akanunua friji huko, akarudi nayo. Jimbo halikuweza kumsubiri njiani, kwa kuwa Katiba ya Marekani hairuhusu jimbo kuweka forodha dhidi ya jimbo jingine. Kati ya majimbo ya Washington na Oregon hakuna kituo cha mpakani kama cha Namanga, kati ya Kenya na Tanzania.

Ndiyo maana sheria ya Washington ya mwaka 1935 iliweka kodi mbili kwa pamoja: ya mauzo, asilimia 2, na ya matumizi, kwa kiwango hicho hicho. Ya pili haikugusa ununuzi uliofanyika nje, bali ilitoza kitendo cha kukitumia kitu ndani ya jimbo. Aliyekwisha kulipa kodi ya mauzo kwingineko alipunguziwa kiasi alicholipa.

Wakandarasi wa bwawa la Grand Coulee, katika mto Columbia jimboni humo, walipinga kutozwa kodi ya matumizi kwa mitambo waliyoinunua nje. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Benjamin Cardozo, ililipa jimbo haki. Je, shabaha ilikuwa kuwalinda wenye maduka au kulinda hazina? Cardozo alizitaja faida zote mbili. Naona hazina ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu kodi hizo zilizaliwa katika sheria moja ya kutafuta mapato, na wenye maduka walinufaika kwa njia hiyo.

Ugumu ulikuwa katika kukusanya. Kodi ya mauzo huipokea muuzaji; ya matumizi humtaka mnunuzi ajitaje mwenyewe, na wachache walifanya hivyo. Gari halikufichika, kwani lazima lisajiliwe, lakini nguo zilizoagizwa kwa posta nani angeziona? Illinois ilijaribu kuilazimisha kampuni ya Bellas Hess, ya Missouri, ikusanye kodi hiyo, ikashindwa mahakamani mwaka 1967. North Dakota nayo ilishindwa mwaka 1992 dhidi ya kampuni ya Quill: muuzaji asiye na ofisi wala wafanyakazi jimboni hakulazimika.

Biashara ya mtandaoni ilipokua, hasara ikawa kubwa mno. Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota na kampuni ya Wayfair, majaji wa Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, walilitupa sharti la muuzaji kuwa na ofisi au wafanyakazi jimboni. Sheria ya South Dakota ilimbana muuzaji aliyeuza jimboni zaidi ya dola 100,000, au aliyefikisha miamala 200 kwa mwaka.

Wajibu wa mnunuzi haukufutwa. Ukiishi katika jimbo lenye kodi hizi, soma risiti yako: ikiwa muuzaji wa mbali hakukutoza, kodi ya matumizi bado ni deni lako.