Shamba ndogo, mchezo mdogo

Wandugu wa lisansi, mwaka 2005 wanafunzi wanne wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walijipa sheria: kila mtu peke yake atengeneze mchezo wa video kwa siku 7 tu, juu ya neno moja la wote. Neno moja lilikuwa «mimea». Mwaka 2009 baadhi yao walirudilia: neno jipya kila mwezi. Mchezo ukianguka, umekula siku 7 tu. Mmoja, Tower of Goo, ulizaa World of Goo mwaka 2008.

Miye wa agronomia nikaelewa mara moja: ni shamba ya majaribio. Mozaiki ikipiga mistari mitatu ya muhogo, haujapoteza hekta.

Mutasema: wale wana umeme. Lual Mayen, mukimbizi wa Sudani Kusini, alikomalia kambini Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3, akamununulia kompyuta ya dola 300. Ndipo akatengeneza Salaam, mchezo juu ya amani. Na siye watu wa Fizi, kambi tunaijua: wetu wengi walikimbilia Nyarugusu tangu 1996.

Miaka miwili nangojea mradi uniite kazi. Mwezi huu, hapa Baraka, neno langu ni «mbegu». Naanza na karatasi. Nani ananifuata?