Ligi ya MYSA

Ligi ya MYSA ni mashindano ya kandanda ya ridhaa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Huendeshwa na Mathare Youth Sports Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1987 katika mtaa wa mabanda wa Mathare kwa juhudi za Bob Munro, raia wa Kanada. Vijana waliozoea kupiga mpira wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba walipata timu, ratiba na waamuzi, na ligi ikaenea hadi mitaa jirani. Baadaye ilihesabu wachezaji zaidi ya 20,000. Wasichana, ambao mwanzoni hawakuwamo, walianza kucheza mwaka 1992.

Sifa ya pekee ya ligi hii ni taka. Mitaro ya Mathare ilikuwa imeziba na magonjwa yalikuwa mengi, kwa hiyo timu inayojitokeza kuzoa takataka na kuzibua mitaro hupewa pointi zinazoingia kwenye msimamo wa ligi. Timu hodari uwanjani lakini mvivu wa koleo inaweza kukosa ubingwa, na hapo ndipo ligi hii inapozishinda nyingi zenye fedha.

Wachezaji bora waliundiwa klabu ya Mathare United mwaka 1994. Ilitwaa kombe la taifa mwaka 1998 na 2000, kisha Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Mshambuliaji Dennis Oliech aliichezea kabla ya kwenda ng'ambo.