Kwa nini Wasukuma walichelewa kubatizwa

Mapadri Weupe walifungua misheni Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883. Waanglikana wakafika Nassa mwaka 1888. Miongo mingi baadaye, vijiji vingi vya Shinyanga na Geita bado vilikuwa na wabatizwa wa kuhesabika, wakati ng'ambo ya ziwa, Buganda, makanisa yamejaa.

Wapo wanaosema Wasukuma ni wagumu tu. Mimi sikubali. Buganda ilikuwa na ikulu moja, na dini zilishindania hapo. Hata kwa Wamongolia ilikuwa hivyo: Ghazan, aliyetawala Uajemi, aliposilimu mwaka 1295, wakubwa na askari wake walimfuata. Usukumani walikuwapo watemi wengi, kila mmoja na eneo lake. Tena mtemi ndiye aliyebeba dhamana ya mvua na mbegu. Akiacha matambiko, kisha ukame ukaingia, watu walijua wa kumlaumu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa na njia zake. Muumba, Liwelelo, alijulikana, ila shida za kila siku zilipelekwa kwa masamva, yaani wahenga wa ukoo. Mtoto akiugua, nfumu alipasua kuku, akasoma ndani yake ni mhenga yupi amesahauliwa, familia ikatambika. Wahubiri walimletea Msukuma Mungu aliyekuwa naye tayari, wakamtaka awaache wazee wake, ambao ndio aliowategemea. Waliobatizwa wengi walipitia shule, au hospitali kama Kolandoto.

Katika miaka ya 1950 Padri David Clement alijaribu njia nyingine pale Bujora, karibu na Kisesa: kanisa la mviringo mithili ya nyumba ya Kisukuma, ngoma ndani ya ibada, na Bulabo, mashindano ya Bagika na Bagalu wakati wa Ekaristi. Mwaka 1963 serikali ikafuta utemi.

Siku hizi anayetambikia wazee wake huwekwa kapu moja na wauaji. Si haki. Tambiko ni la familia. Kuua vikongwe kwa macho mekundu, ambayo mara nyingi ni ya moshi wa jikoni, au kuua watu wenye ualbino kwa tamaa ya utajiri, ni jinai. Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipotangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, wa mitishamba nao waliguswa sawa na wapiga ramli.